Namba ya Kweli Inakulinda Wewe na Kazi Yako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo hatutazungumza juu ya kasike wala juu ya viatu vya kazi. Mambo hayo mmekwisha kuyasikia, na tutayarudia siku nyingine. Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa ni jambo la usalama: namba inayoandikwa katika daftari la posti.

Utasema: «Namba ni kazi ya watu wa labo na ya maenjenieri. Inanihusu nini mimi?» Ngoja kidogo. Soma mpaka mwisho, halafu jibu wewe mwenyewe.

Usiku mmoja katika konsantrateri

Tuseme uko posti ya usiku. Mawe ya madini yametoka shimoni, konkaseri imeyavunja, broyeri imeyasaga pamoja na maji mpaka yamekuwa matope laini. Sasa matope yanapita katika masanduku ya povu. Humo dawa zinafanya kazi yake: chembe za shaba na kobalti zinashikamana na mapovu ya hewa, zinapanda juu, na povu linazimwaga pembeni. Udongo unabaki chini na kwenda bwawani pamoja na mabaki.

Shaba inayokwenda bwawani ni shaba iliyopotea. Kwa hiyo kila posti inaulizwa swali moja: katika kilo 100 za shaba zilizoingia kiwandani, mmekamata kilo ngapi? Jibu la swali hilo ndilo namba inayoandikwa katika daftari.

Saa nane ya usiku labo inapiga simu: 82. Jana usiku ilikuwa 86. Shefu wa posti anakunja uso. Anauliza: «Mlikuwa mmelala?» Wewe unaogopa. Unafungua zaidi bomba la sulfidrati ya sodiumu, ile dawa inayosaidia mawe ya kijani yapande na povu. Saa moja baadaye povu limekuwa maskini kuliko kwanza, maana dawa hiyo ikizidi inazuia shaba isipande. Unapunguza. Unaongeza dawa nyingine. Unapanda ngazi zenye maji, unashuka, unapanda tena, peke yako, macho yakiwa mazito kwa usingizi. Karibu na saa kumi unasikia harufu ya mayai yaliyooza.

Hapo, ndugu, umefika mlangoni pa hatari kubwa. Na safari hiyo ilianza wapi? Ilianza kwa namba 82.

Je, 82 ilikuwa namba mbaya?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua karatasi na biki. Huu ni mfano wa posti 10 zilizofuatana:

84, 86, 83, 85, 87, 84, 82, 86, 85, 88.

Jumlisha zote: unapata 850. Gawa kwa 10: wastani ni 85.

Sasa tazama hatua kutoka posti moja hadi posti inayofuata. Kutoka 84 hadi 86 ni hatua ya 2. Kutoka 86 hadi 83 ni hatua ya 3. Endelea hivyo mpaka mwisho, bila kujali kama namba imepanda au imeshuka. Utapata hatua 9: 2, 3, 2, 2, 3, 2, 4, 1, 3. Jumla yake ni 22. Gawa kwa 9: hatua ya kawaida ya kiwanda hiki ni karibu 2,44.

Zidisha hatua hiyo kwa 2,66. Hiyo ni namba ambayo wataalamu wa hesabu wameipima kwa ajili ya kazi hii. Unapata 6,5. Ondoa 6,5 katika 85: ni 78,5. Ongeza 6,5 juu ya 85: ni 91,5. Piga mistari mitatu katika karatasi yako: mmoja wa wastani kwenye 85, mmoja wa chini kwenye 78,5, mmoja wa juu kwenye 91,5. Halafu weka kila posti kama nukta mahali pake.

Sasa tazama. Namba 82 iko wapi? Iko ndani ya mistari. Na ile 88 ambayo posti yake ilisifiwa, iko wapi? Nayo iko ndani ya mistari. Maana yake ni hii: posti ya 82 haikufanya kosa lolote la peke yake, na posti ya 88 haikufanya ajabu yoyote. Ni kiwanda kilekile kinachopumua. Mawe hayafanani, maji hayafanani, kipimo cha labo chenyewe kina kosa lake dogo. Mtu anayekemewa kwa 82 anakemewa bure. (Mfano wetu una posti 10 ili hesabu iwe fupi. Kazini tumia posti 20 au zaidi kabla ya kuamini mistari yako.)

Mama, wewe unajua jambo hili

Mama, wewe unayepeleka mtoto kwenye kipimo kila mwezi, hesabu hii si ngeni kwako. Katika karte ya mtoto mwuguzi anaweka nukta, na nukta zinafanya njia. Mwezi mmoja mtoto ameongezeka kidogo tu, kwa sababu alikuwa na mafua au hakula asubuhi ile. Hukimbii lopitalini ukilia. Lakini njia ikilala miezi miwili au mitatu, au ikishuka ghafula, hungoji. Unauliza: mtoto wangu ana nini? Unatafuta sababu.

Kiwanda pia kina karte yake. Mtu aliyeivumbua ni Walter Shewhart wa Marekani. Alikuwa akifanya kazi katika kampani ya Western Electric iliyotengeneza vyombo vya simu. Tarehe 16 mwezi wa tano mwaka 1924 alimpelekea mkubwa wake karatasi fupi yenye mchoro wa namna hii. Aliona kwamba sababu za mabadiliko ni za aina mbili. Ziko sababu nyingi ndogondogo zilizo ndani ya kazi yenyewe kila siku. Hizo hazina jina, na mfanyakazi mmoja hawezi kuziondoa. Tena iko sababu ya peke yake, iliyoingia kutoka nje: pompe imeziba, bomba limepasuka, broyeri imepungukiwa na mipira ya chuma, mawe ya shimo jingine yameletwa bila habari. Sababu hiyo ina jina, na ukiitafuta utaipata.

Mistari miwili inakuambia ni wakati gani wa kutafuta. Nukta ikitoka nje ya mistari, tuseme 74, simama, ita mwenzako, tafuta. Nukta 8 zikifuatana zote chini ya wastani, hata kama hakuna iliyotoka nje, tafuta pia: kitu kimebadilika polepole. Nukta zikibaki ndani, zikipanda na kushuka, acha mabomba ya dawa mahali pake.

Kama wakubwa wanataka 85 iwe 90, hawataipata kwa kumkemea mtu wa usiku. Lazima wabadilishe kazi yenyewe: kusaga vizuri zaidi, kuchanganya mawe kabla ya kuyaleta, kutengeneza pompe. Hiyo ni kazi yao, na namba ya kweli inawaonyesha.

Kugeuzageuza dawa ni hatari

Fikiri juu ya mpishi anayeonja kila dakika. Chumvi imepungua: anaongeza. Imezidi: anamwaga maji. Maji yamezidi: chumvi tena. Mwisho sombe halina ladha na watoto wanalala na njaa.

Kiwandani ni vilevile, na hesabu inathibitisha. Kama kazi ilikuwa imetulia, na wewe ukasahihisha kila mara kwa kiasi chote cha tofauti uliyoiona, namba zako zitatawanyika zaidi kuliko kama usingegusa kitu. Mtawanyiko utaongezeka kwa karibu sehemu 40 kwa 100. Umejichosha bure, umepoteza dawa, na shaba imekwenda bwawani.

Lakini hasara ya shaba si ya kwanza. Ya kwanza ni pumzi yako. Ikumbuke vizuri dawa uliyoishika.

Sulfidrati ya sodiumu, inayoandikwa NaSH, inakaa salama kama matope yana alkali ya kutosha, yaani pH iko juu. pH ikishuka hadi 7, karibu nusu yake inageuka kuwa gazi H2S. Ikikutana na asidi, gazi inatoka mara moja. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa. Inalala katika mashimo, chini ya ngazi, ndani ya tangi. Ikiwa kidogo sana utaisikia kama mayai yaliyooza. Ikifika karibu sehemu 100 katika sehemu milioni moja za hewa, inaua pua yako: harufu inakwisha, nawe unafikiri hatari imekwisha. Ikipita 500 inaangusha mtu upesi. Ikifika 1000, pumzi chache zinatosha.

Kwa hiyo ukisikia harufu, ondoka, panda mahali penye upepo, piga kengele. Ukiona mwenzako ameanguka chini, usiruke kumfuata bila chombo cha kupumulia. Tunajua ni vigumu, ni ndugu yako. Lakini mara nyingi sana gazi hii imechukua watu wawili na watatu, na wa pili na wa tatu walikuwa waokoaji.

Ksantati nayo si sukari. Ikipata unyevu na joto inatoa mvuke wa sulfidi ya kaboni, unaowaka moto upesi sana. Pipa lake likae pakavu, penye kivuli na hewa, mbali na sigara.

Hata mafuta ya mawese, ambayo viwanda vya Katanga viliyatumia miaka mingi kupandisha madini, si salama yakimwagika sakafuni. Chakula jikoni, kiwandani ni utelezi. Kila safari unayofanya bure kwenda kugeuza bomba ni safari moja zaidi juu ya sakafu yenye maji na mafuta.

Kikombe kimoja cha matope

Namba inatoka wapi? Inatoka katika kikombe cha matope unachochota wewe. Kikombe hicho kikiwa cha uongo, labo yote, mashini zake zote na maenjenieri wake wote watafanya kazi juu ya uongo.

Mama hawezi kujua ladha ya maharagi kwa kuonja maji ya juu. Lazima akoroge kwanza. Matope pia ni hivyo: chembe nzito zinakwenda chini, nyepesi zinabaki juu. Ukichota juu tu, utasema shaba ni kidogo kuliko ilivyo. Ukichota chini tu, utasema ni nyingi.

Mtu aliyelifundisha jambo hili kwa ulimwengu wote alijifunzia hapa kwa jirani zetu. Pierre Gy, Mfaransa, alifanya kazi toka 1946 hadi 1949 katika kiwanda cha madini ya risasi cha M'Fouati, ng'ambo ya mto, katika Kongo ya Brazzaville. Mwaka 1947 wakubwa wa Paris walimwandikia apime utajiri wa lundo la zamani la mawe karibu tani 200.000, lenye mawe makubwa na vumbi pamoja. Achukue kilo ngapi? Kutoka wapi? Aliona kwamba hakuna aliyekuwa na jibu kamili. Alirudi Ufaransa na swali hilo, akaendelea kulifanyia kazi maisha yake yote mpaka alipofariki mwaka 2015. Leo maenjenieri wa nchi nyingi wanafuata mafundisho yake.

Mafundisho yenyewe mfanyakazi yeyote anaweza kuyashika:

Katiza mkondo wote wa matope, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Usichote pembeni kwa sababu pembeni ni karibu.

Mdomo wa chombo uwe na upana usiopungua mara 3 ya punje kubwa iliyomo, na hata punje zikiwa ndogo sana, usiwe chini ya milimita 10. Chombo kisijae mpaka kumwagika, maana kinachomwagika hakifanani na kinachobaki.

Chukua mara nyingi kidogokidogo katika posti, kuliko kuchukua ndoo moja kubwa mwanzoni na kwenda kukaa.

Na wakati wa kuchota, jilinde. Simama ndani ya vizuizi, usiegemee juu ya tangi. Kama unachukua mawe juu ya mkanda wa mpira, mkanda usimamishwe, umeme ukatwe, kufuli lako wewe mwenyewe liwekwe, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Hakuna kipimo kinachostahili mkono wa mtu. Afadhali uandike: «Sikuchota, mkanda haukusimamishwa.»

Namba ya kubuni

Sasa tuseme ukweli kati yetu. Mvua inanyesha, saa ni tisa usiku, mahali pa kuchotea ni mbali na taa zimezimika. Mtu anaketi karibu na moto na kuandika: 85, 85, 86, 85. Kesho shefu amefurahi. Nani ameumia?

Kwanza, mwenye macho atajua. Namba za kweli zinarukaruka. Namba za kubuni zinalala kama kamba iliyovutwa. Karte inaonyesha usiku ambao kiwanda «kiliacha kupumua».

Pili, mkono uliozoea kubuni namba ya shaba utabuni namba ya gazi pia. Utaandika kwamba kipimo cha H2S chini ya masanduku ni sifuri, bila kushuka. Utaandika kwamba hewa ya tangi ilipimwa kabla ya fundi kuingia. Fundi huyo ana mke na watoto katika kambi yetu, naye anaingia kwa kuamini biki yako.

Nanyi mashefu, neno hili ni lenu. Mfanyakazi habuni namba kwa uvivu tu. Mara nyingi anabuni kwa woga. Ukimkemea kila mara namba inaposhuka kidogo, unamfundisha kukuletea namba unayoipenda. Kemea asiyepima. Asiyekuwa na kosa ila kuleta 82 ya kweli, mwambie asante.

Tukitaka kujaribu kitu kipya

Pale konkaseri kuna vumbi. Vumbi la mawe yenye silika linaingia mapafuni. Lililo baya kuliko yote ni lile ambalo jicho halilioni, chini ya mikroni 10. Unywele wa mtu una karibu mikroni 70. Linaleta ugonjwa wa silikosi, usio na dawa ya kuuponya, na unaofungulia mlango kifua kikuu.

Tuseme kampani inaweka vinyunyizio vya maji vya namna mpya. Vinasaidia au havisaidii? Watu wengi wanafanya hivi: wanapima vumbi mwezi wa nane, wanaweka vinyunyizio, wanapima tena mwezi wa kumi na mbili. Vumbi limepungua! Lakini ndugu, mwezi wa nane ni kiangazi, mwezi wa kumi na mbili ni mvua. Ni maji ya vinyunyizio au ni maji ya mbinguni?

Njia ya haki ni hii. Chukua siku mbilimbili, siku ya leo na ya kesho, mawe ya shimo moja. Tia vipande viwili vya karatasi ndani ya kasike: kimoja «mpya», kingine «zamani». Vuta kimoja bila kutazama. Hicho ndicho cha leo, kingine ni cha kesho. Pima vumbi siku zote mbili kwa chombo kilekile mahali palepale. Na kwa kuwa mpya haujajulikana, wafanyakazi wavae maski siku zote mbili. Fanya hivyo mara 10, upate jozi 10. Halafu hesabu ni mara ngapi «mpya» umeshinda.

Kama vinyunyizio vipya havina faida yoyote, kushinda ni kama bahati ya karatasi, nusu kwa nusu. Basi kushinda mara 6 au zaidi katika 10 kunaweza kutokea kwa bahati tupu zaidi ya mara moja katika tatu. Hakusemi kitu. Lakini kushinda mara 9 au zaidi kwa bahati tupu ni karibu mara moja katika 93. Kushinda zote 10 ni mara moja katika 1024. Hapo unaweza kuamini, na kuomba vinyunyizio viwekwe kila mahali.

Njia hii ya kufanya hukumu kwa vipimo vichache ina mzee wake. William Gosset alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha pombe cha Guinness, mjini Dublin. Mwaka 1908 alitoa maandiko yake juu ya vipimo vichache kwa jina la «Student», yaani mwanafunzi. Hesabu aliyoianzisha kiwandani kwa wapika pombe inatumika leo katika lopitali na katika konsantrateri za dunia nzima. Dawa mpya ya povu ikiletwa na mwuza dawa, muulize kwanza: «Umeijaribu kwa jozi ngapi?»

Ajali nazo zina karte

Huu ni mfano wa ajali zilizoandikwa mwezi kwa mwezi katika kiwanda kimoja kwa mwaka: 3, 5, 4, 2, 6, 4, 3, 7, 4, 2, 5, 3. Jumla ni 48, wastani ni 4 kwa mwezi. Kwa vitu vinavyohesabiwa hivi, hesabu ya mpaka ni rahisi: tafuta kipeuo cha pili cha wastani. Kipeuo cha 4 ni 2. Zidisha kwa 3, unapata 6. Ongeza juu ya 4: mpaka wa juu ni 10.

Mwezi wa nane walikuwa na ajali 7, pakawa na makelele. Mwezi wa kumi walikuwa na 2, pakawa na sherehe. Hesabu inasema: hapana, ni kazi ileile, hatari zilezile. Mwezi wa 2 haukuleta usalama. Uliletwa na bahati. Asiyebadilisha kitu angoje 4 mwezi ujao, na mwingine, na mwingine. Kama tunataka 1 badala ya 4, lazima tubadilishe ngazi, vizuizi, taa na saa za kazi.

Lakini shika neno hili kwa nguvu: mistari si ruhusa ya kuumia. Kidole kilichokatika hakirudi kwa sababu kilikuwa «ndani ya mipaka». Kila ajali ichunguzwe, hata ikiwa moja. Karte inatukataza tu kujidanganya kwamba tumepona wakati hatujabadilisha kitu. Tena, usifiche jeraha dogo ili karte ya posti yako ionekane nzuri. Jeraha lililofichwa ni namba ya kubuni iliyoandikwa juu ya mwili wa mtu.

Nyumbani

Mama, mume wako akirudi, nguo za kazi zisikae juu ya kitanda wala zisichanganywe na nguo za watoto. Zifuliwe peke yake, zisikung'utwe ndani ya nyumba. Penye madini ya risasi, kama yale yanayochanganyika na zinki na shaba mahali pengine katika Katanga, vumbi la nguo linaweza kumfikia mtoto anayetambaa, na risasi inaharibu akili ya mtoto. Baba na aoge kazini kabla ya kumbeba mwanawe.

Tena mwulize: «Leo usiku ulipima mwenyewe?» Swali la mke lina nguvu kuliko tangazo la ukutani.

Basi yashike haya

Chota kwa haki, kutoka ukingo hadi ukingo.
Andika ulichokiona, si unachotaka kisomwe.
Usiguse dawa kwa sababu ya nukta moja iliyo ndani ya mistari.
Nukta ikitoka nje, ita mwenzako, mtafute sababu yenye jina.
Harufu ya mayai yaliyooza ikikwisha ghafula, usifurahi: kimbia.
Kitu kipya kijaribiwe kwa jozi, si kwa sifa.
Ajali ndogo iandikwe kama kubwa.

Ndugu, uliuliza namba inakuhusu nini. Kesho usiku, simu ya labo itakapolia na kusema 82, tazama karte kabla ya kutazama bomba. Kama nukta iko ndani, kaa, pumzika miguu, endelea kuangalia. Asubuhi utaoga, utarudi nyumbani mzima, na watoto watakupokea mlangoni.

Kazi njema, na afya njema kwa nyumba yako yote.